Deni Lisilo Dawa

Wahenga walinena: dawa ya deni ni kulipa. Methali hii imesimama juu ya sharti moja, kwamba mwenye kudai yu tayari kupokea. Historia ya Ferguson, mji mdogo wa jimbo la Missouri huko Marekani, yatuonyesha yanayomfika mdaiwa sharti hilo linapokosekana.

Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani, iliyotolewa Machi 2015, miezi saba baada ya askari polisi wa mji huo kumuua kijana Michael Brown, inasimulia habari za mwanamke mmoja Mweusi. Mwaka 2007 aliegesha gari pasiporuhusiwa, akatozwa faini ya dola 151 pamoja na ada. Hakuwa na uwezo. Kuna nyakati hakuwa hata na makazi. Kila alipokosa kulipa au kufika mahakamani, kosa jipya liliandikwa, deni likakua, na hati ya kumkamata ikatolewa. Alipopeleka dola 25, na mara nyingine 50, mahakama ilimrudishia: ilitaka zote kwa mkupuo. Alikamatwa mara mbili, akakaa kizuizini siku sita. Kufikia Desemba 2014 alikwisha kulipa dola 550, na bado akidaiwa 541.

Hakuwa peke yake. Mji ulikuwa na wakaazi wapatao 21,000; watu waliokuwa na hati hizo, wakiwemo wa miji jirani, walizidi 16,000. Mtu wa namna hii akisimamishwa barabarani, safari yake huweza kuishia rumande. Kazi humponyoka, leseni hufungiwa, nyumba ya kupanga hupotea. Na bila ya kazi, faini atailipa kwa nini?

Chanzo kilikuwa hazina ya mji. Bajeti ya mwaka wa fedha 2015 ilitazamia dola milioni 3.09 za faini na ada, katika mapato ya milioni 13.26. Mahakama iligeuzwa shamba, makosa madogo yakawa mavuno.

Agosti 2015 hakimu mpya, Donald McCullin, alizifuta hati zote zilizotolewa kabla ya tarehe 31 Desemba 2014, na wadaiwa wakafunguliwa njia nyepesi za kulipa. Basi tunapomsomea mdaiwa methali ile, tumtazame na mdai: je, mkono wake u wazi kupokea?