Mchungaji wa Weyburn na bili ya hospitali

Tommy Douglas alizaliwa Falkirk, Uskoti, mwaka 1904, akahamia Kanada na wazazi wake akiwa bado mtoto. Huko Winnipeg nusura akatwe mguu kwa maradhi ya mfupa, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na fedha za kumlipa bingwa. Daktari mmoja wa upasuaji akajitolea kumtibu bure, kwa sharti kwamba wanafunzi wake watazame. Mguu ukapona. Douglas alikisimulia kisa hicho miaka nenda miaka rudi, na hoja yake ilikuwa moja: mguu wa mtoto usitegemee bahati.

Mwaka 1930 akawa mchungaji wa Kibaptisti mjini Weyburn, jimbo la Saskatchewan. Ukame na kuanguka kwa bei ya ngano vikawafukarisha waumini wake, naye akaingia siasa kupitia chama cha CCF. Si kila alichoamini wakati huo kilikuwa chema. Tasnifu yake ya mwaka 1933 iliunga mkono kuwafunga uzazi watu walioitwa wapungufu wa akili. Alipopata madaraka aliukataa mpango wa namna hiyo.

Mwaka 1944 CCF kilinyakua viti 47 kati ya 52, Douglas akawa waziri mkuu wa jimbo. Wizara ya afya akaishika mwenyewe. Kuanzia Januari 1, 1947, mtu alilipa dola 5 kwa mwaka za bima ya hospitali, familia isizidi dola 30, na akilazwa hospitalini hakutozwa.

Lakini ada ya daktari ilibaki mzigo wa mgonjwa, na hapo ndipo ninapomwona mwanasiasa hasa. Douglas alikuwa bahili wa fedha za umma. Alilipa madeni kwanza, umeme ukafika mashambani, akangoja. Serikali kuu ilipoanza kubeba karibu nusu ya gharama za hospitali mwaka 1958, jimbo likapata nafasi ya kupumua. Mwaka uliofuata akatangaza bima ya matibabu kwa wote.

Madaktari wakaja juu. Sheria ilipita Novemba 1961, mwezi uleule Douglas alipoondoka kwenda kuongoza chama kipya cha kitaifa, NDP. Moto akamwachia mrithi wake, Woodrow Lloyd. Julai 1, 1962, bima ilipoanza, madaktari waligoma siku 23. Serikali ikaleta wengine kutoka Uingereza, kisha pande mbili zikapatana. Douglas mwenyewe alikuwa ameangushwa mjini Regina katika uchaguzi wa kitaifa wa Juni.

Lloyd alishindwa uchaguzi wa 1964. Waliberali walioshika nafasi yake hawakuthubutu kuifuta bima hiyo, na mwaka 1966 serikali ya Lester Pearson, Mliberali pia, ikapitisha sheria ya kuieneza Kanada nzima.