Habari ya Chembe Mpya za Ubongo

Kidole kikikatwa kidogo, ngozi mpya huota na jeraha hufunga. Je, ubongo wa mtu mzima nao huweza kuota chembe mpya? Swali hili limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 100, na jibu lake lagusa huzuni za wanadamu.

Katika miaka ya 1913 na 1914, Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliandika ya kwamba chembe za ubongo wa mtu mzima zikifa hazina warithi. Lakini aliongeza kuwa huenda elimu ya siku za mbele ikaibatilisha hukumu hiyo kali. Waliomfuata wakaishika hukumu, wakaisahau nyongeza.

Mwaka 1962, Joseph Altman, aliyefanya kazi Marekani, alionyesha alama za chembe mpya katika bongo za panya wazima. Wengi hawakumjali kwa miaka mingi. Hatimaye, mwaka 1998, Peter Eriksson wa Sweden, Fred Gage wa Marekani na wenzao walichunguza bongo za wagonjwa 5 waliofariki kwa saratani, ambao zamani walitiwa dawa ya kutambulisha chembe zinazozaliwa. Waliziona chembe mpya katika hipokampasi, sehemu ya ubongo isaidiayo kumbukumbu.

Sasa likazuka swali la pili: ni nini kizuiacho uzazi huo? Mwaka huohuo wa 1998, Elizabeth Gould, Bruce McEwen na wenzao walionyesha kuwa kima mdogo akitiwa hata mara moja tu katika makao ya kima mgeni mkali, hofu yake hupunguza kuzaliwa kwa chembe. Mwaka 2003, Michelle Monje na wenzake wakaonyesha kuwa vita ya mwili dhidi ya maradhi, ile iletayo joto na uvimbe, ikiwaka katika ubongo wa panya hufanya vivyo hivyo. Nao walipopewa dawa ya kutuliza uvimbe, chembe zilizaliwa tena. Mwaka uo huo, wataalamu wa New York waliona kwamba panya waliozuiliwa kuzaa chembe hizo hawakufaidika na dawa ya sonona, yaani huzuni kuu isiyoondoka.

Tusikimbilie kusema kwamba sonona ni upungufu wa chembe tu. Mwaka 2018 makundi mawili ya wataalamu yalipingana: moja halikuona chembe mpya kwa watu wazima, jingine likaziona hata kwa wazee. Mjadala haujafungwa.

Hata hivyo, msomaji, jambo moja ni wazi: dhiki na maradhi huacha athari zao ndani ya ubongo wenyewe. Basi umwonapo mwenzio amezama katika huzuni, usimwite mvivu wala usiseme amerogwa. Msogelee, umsikilize, umsaidie kufika kwa mganga. Cajal hakuufunga mlango. Nasi tusimfungie mgonjwa mlango wa matumaini.