Hujawahi kukopa benki? CRB haikujui, na hilo si sawa na kuwa na deni

Mtu anauza mahamri Kisauni miaka kumi, hadaiwi na mtu, siku akienda benki kuomba mkopo anaambiwa hana historia. Wengi hapo hudhani wametiwa CRB. Sivyo.

"Kutiwa CRB" tumezoea kuisema kama kutiwa ndani. Kwa kweli ofisi hizi, na Kenya zipo tatu zenye leseni ya Benki Kuu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, huweka kumbukumbu za kila mkopaji, anayelipa na asiyelipa. Kutokana na kumbukumbu hizo hutolewa alama. Za Metropol huanzia 200 hadi 900, na kadiri zinavyopanda ndivyo unavyoaminika. Asiyewahi kukopa hana cha kuhesabiwa. Karatasi yake ni tupu, si chafu.

Huku kwetu karatasi tupu ni nyingi. Chama cha kinamama unachochangia kila wiki CRB hakikioni. Daftari la dukani, hata ukilipa kila mwisho wa mwezi, habari zake hubaki kwa mwenye duka. Halafu wako wanaojiepusha na riba, hawajagusa mkopo wa benki wala Fuliza. Hao wajue kwamba benki za Kiislamu nazo ziko chini ya Benki Kuu na hupeleka habari CRB. Ukinunuliwa pikipiki kwa murabaha ukalipa kila awamu kwa wakati wake, unaandikwa mlipaji mwema, na riba hukuigusa.

Kwa asiye na historia, benki hutazama mengine. Mara nyingi huomba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, waone pesa zinavyoingia na kutoka. Ndiyo maana mfanyabiashara anayelipwa kwa till ana cha kuonyesha kuliko anayepokea noti na kuzitia kibindoni. Sacco pia ni mlango mzuri: unaweka akiba kwanza, unakopa kidogo kwa wadhamini, unalipa.

Ila huo mkopo wa kwanza usiuchukue kwa mchezo, maana ndio utakaokutambulisha. Ukipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa mbovu. Mkopeshaji anatakiwa akuarifu kabla ya kupeleka jina lako, na tangu Aprili 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halikuharibii jina. Lakini likishaandikwa, kumbukumbu hukaa miaka mitano hata baada ya kulilipa, ingawa itaonyesha kuwa umelipa.

Jambo jingine tunalolifanyia ukarimu mno ni laini za simu. Umemsajilia binamu laini kwa kitambulisho chako, naye akakopa kwa simu akanyamaza. Jina linaloandikwa ni lako, si lake.

Basi usingoje benki ikwambie. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Iombe kwa ofisi hizo. Usiichanganye na cheti cha CRB ambacho baadhi ya waajiri hukitaka: hicho husema tu kwamba huna deni bovu, hakielezi alama zako. Ukikuta deni usilolijua, peleka malalamiko kwa ofisi iliyotoa ripoti, kwa maandishi, pamoja na risiti ulizonazo, nayo itamuuliza mkopeshaji.