Ujira wa Dalali: Kutoka Soko la Madina Hadi Nyumba za Kagarama



Ndugu zetu katika imani, makala hii ilianza na wanafunzi watatu wa jumuiya yetu waliokuwa wakitafuta nyumba ya kupanga Kagarama. (Tunasema Kagarama, si Kigarama. Zote mbili ziko wilaya ya Kicukiro, na mmoja wao alishapanda pikipiki akafikishwa siko.) Walionyeshwa nyumba moja na makomisiyoneri wawili, kwa siku mbili tofauti, na kila mmoja akawatoza pesa ya kuonyesha. Nyumba hawakuipata. Mmoja akatuuliza kama pesa ile ni halali. Mwenzake akauliza swali ambalo sisi tuliliona zito zaidi: mbona hakuna anayejua dalali anastahili kulipwa kiasi gani?

Tulidhani jibu ni fupi, kumbe lina historia ya karne nyingi.

Tuanze na jina. Neno dalali tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ni moja na ya dalili, yaani kuonyesha, kuongoza njia. Hapa Kigali tunasema komisiyoneri, neno la Kifaransa tulilorithi zama za Wabelgiji. La kwanza lataja kazi ya mtu, la pili lataja anachochukua. Lipo na jina la tatu, samsari, ndilo lililotumika Madina. Sahaba Qays bin Abi Gharaza (R.A.) ameeleza kwamba wao walikuwa wakiitwa masamsari, Mtume (S.A.W.) akawapitia akawapa jina lililo bora zaidi, wafanyabiashara, kisha akawatanabahisha kuwa biashara huingiwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo.

Imam Bukhari naye ameweka mlango mzima juu ya ujira wa samsari, na humo ametaja kuwa Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Humo humo mna rai ya Ibn Abbas (R.A.) kwamba hapana ubaya mtu kumwambia mwenzake auze nguo na kitakachozidi bei fulani kiwe chake. Msomaji wa Dar es Salaam atatabasamu hapa, kwani hiki ndicho mitaani kinachoitwa cha juu. Imam Ahmad aliikubali rai hiyo. Wanavyuoni walio wengi hawakuikubali, kwa hoja kwamba ujira huo haujulikani. Kwa hiyo ubishi wa leo kuhusu cha juu una umri wa miaka zaidi ya elfu moja.

Ibn Abbas huyo huyo ndiye aliyeulizwa maana ya katazo la mtu wa mjini kumuuzia mtu wa bara, akajibu kuwa asiwe samsari wake. Mwenyeji anajua bei na mgeni hajui, na katika pengo hilo ndimo pesa inamopatikana. Sisi tukiangalia njia inayotoka Kicukiro kupitia Gahanga hadi Bugesera, hasa tangu ujenzi wa uwanja mpya wa ndege ulipoanza mwaka 2017, tunaona pengo lile lile: mkulima ana shamba, na mgeni wa mjini anajua litakavyokuwa kesho.

Karne ya 12, huko Sham, Shayzari aliandika kitabu cha mwongozo kwa wasimamizi wa masoko. Madalali wana mlango wao. Wawe waaminifu, wasipandishe bei kwa matakwa yao, wala wasiwe washirika wa siri wa mwenye duka. Hofu yake kubwa ilikuwa moja: dalali yuko upande wa nani?

Katika pwani yetu dalali ana ukurasa ambao hatuwezi kuuruka. Kwenye soko la Mkunazini, Unguja, madalali waliwazungusha binadamu mbele ya wanunuzi wakitangaza bei, mpaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga mwaka 1873. Kati ya waliolipwa pale wamo Waislamu, na watoto wetu wasilisikie jambo hili kwa watu wengine kwanza.

Sasa Kigali. Mji ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwamo tangu mwanzo. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo huhesabiwa tangu mwaka 1913. Chini ya Wabelgiji Waislamu waliwekwa katika mtaa wao, Kampi ya Waswahili. Katika mtaa kama ule, ambapo kila mtu anajua chumba cha nani kimebaki wazi, dalali atauza nini?

Haja yake ilikuja baadaye. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, waliorudi kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Congo waliingia mji wasioujua. Itifaki ya Arusha ya mwaka 1993 ilikuwa imeshapendekeza kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka 10 asidai mali iliyokwisha kukaliwa na wengine, kwa hiyo wengi walitafuta makao mapya. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Kigali watu milioni 1.13, ya mwaka 2022, milioni 1.74. Wageni wengi kiasi hicho ni riziki ya komisiyoneri.

Likaja na jambo la kumpunguzia. Kati ya miaka 2009 na 2013 serikali iliandikisha ardhi ya nchi nzima, viwanja zaidi ya milioni 10, kila kimoja kikapewa namba yake, UPI. Zamani dalali aliweza kuuza habari ya nani mwenye kiwanja. Leo habari hiyo imo katika daftari la ardhi, na namba ndiyo ya kuulizia. Lakini hakuna daftari la nyumba zilizo wazi za kupanga. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, mpangaji wa Kagarama bado anatozwa kuonyeshwa mlango tu.

Ukipima nchi nyingine utaona hivyo hivyo. Dar es Salaam mpangaji humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, na kwenye viwanja hutajwa asilimia 10 kana kwamba imeandikwa mahali. Dubai desturi ni asilimia 2 ya bei ya nyumba, na asilimia 5 ya kodi ya mwaka kwa mpangaji. Marekani ilizoeleka asilimia 5 hadi 6, muuzaji akilipia pande zote mbili, hadi baraza la mahakama huko Missouri lilipowatia hatiani chama cha mawakala na makampuni yao mwaka 2023. Mwaka 2024 chama kilikubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni. Ujerumani tangu mwaka 2015 amwitaye dalali wa nyumba ya kupanga ndiye amlipaye, na Uingereza mwaka 2019 iliharamisha kumtoza mpangaji ada hizo. Biashara nazo zatofautiana. Chai yetu ya Rwanda huuzwa katika mnada wa Mombasa, ambako madalali huchukua sehemu ndogo ya bei, kwani mzigo ni tani nyingi na kila mnunuzi ameshauonja. Hakuna kilichofichwa cha kulipiwa.

Turudi kwa wanafunzi. Ujira unaolipwa kazi ikifanikiwa wanavyuoni huuita juala, na dalili yao ni mzigo wa ngamia ulioahidiwa katika Suratu Yusuf, aya ya 72. Malipo ya kutembezwa ni ijara, ujira wa kazi yenyewe, apate nyumba au asipate. Kila kimoja kina njia yake, mradi kiasi kijulikane kabla. Tatizo la vijana wetu ni kwamba waliahidiwa cha kwanza wakatozwa cha pili, tena walipokuwa wamekwisha kufika mlangoni.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda nao kwa komisiyoneri wa tatu. Kabla ya kupanda pikipiki tuliandika kwenye karatasi ya daftari: kiasi, nani analipa, analipa lini, na mwenye nyumba anamlipa kiasi gani. Kwenye swali la mwisho alicheka, akakuna kichwa, akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kuulizwa na mpangaji. Kisha akaandika.