"Namba za kufikirika" zinaonewa

Mwanahisabati Descartes ndiye aliyeziita "za kufikirika" mwaka 1637, na jina hilo linazionea. Mwaka 1572 Bombelli, Mwitalia, alikuwa ameshaonyesha kazi yazo katika mlinganyo x³ = 15x + 4. Jibu mojawapo ni 4, na mwanafunzi yeyote anaweza kulihakiki: 64 kila upande. Lakini kanuni ya Cardano ya kutatua milinganyo ya aina hii hulifikia kwa kupitia kipeuo cha pili cha −121. Bombelli hakukimbia. Kwa alama za leo, i ni kipeuo cha pili cha −1, hivyo kile cha −121 ni 11i, na (2 + i) ikizidishwa yenyewe mara tatu hutoa 2 + 11i. Kanuni hujumlisha vipeuo vya tatu vya 2 + 11i na 2 − 11i, basi alijumlisha (2 + i) na (2 − i), i zikafutana, ikabaki 4. Atakayesema hakuna mbuzi i zizini anasema kweli, ila hata mbuzi −3 hawamo, na hasi hatuiiti ya kufikirika. "Namba changamano" ni jina la haki zaidi: sehemu mbili, zinazojumlishwa kila moja na mwenzake.