Kijani Juu ya Udongo Mwekundu

Kabla ya vipimo vya maabara kufika Katanga, shaba ya vilima vya Likasi ilitafutwa kwa macho. Malakiti, jiwe la kijani ambalo zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba, hutokea juu kabisa ya ardhi, katikati ya udongo mwekundu wa Haut-Katanga. Hata pale ambapo jiwe limefunikwa, kilima chenyewe hujionyesha: madini yakizidi udongoni miti haistawi, hubaki uwazi wa nyasi na mimea michache inayovumilia shaba, ukiwemo mmea mdogo ambao wataalamu wa mimea huuita Haumaniastrum katangense. Wasanga, wenyeji wa eneo hilo, waliijua mimea hiyo kabla haijapewa jina la Kilatini.

Kazi hiyo ya kutafuta iliegemea sehemu moja mahususi ya jicho. Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna aina tatu za seli za koni: moja hushika zaidi mwanga wa mawimbi mafupi, nyingine wa mawimbi ya kati na ya tatu wa mawimbi marefu. Hakuna hata moja inayojua rangi peke yake. Rangi hupatikana seli za neva zinapolinganisha aina moja na nyingine, na ulinganisho kati ya koni za mawimbi ya kati na marefu ndio unaotenga kijani na nyekundu. Wanasayansi wengi hudhani uwezo huu ulikua kwa nyani wa kale kwa sababu ya kutafuta matunda yaliyoiva na majani machanga. Malakiti kwenye udongo mwekundu ni mtihani uleule. Mwanamume aliyezaliwa bila kutofautisha nyekundu na kijani (ni nadra zaidi kwa wanawake) angeweza kupita juu ya utajiri asiuone. Jioni kila mtu huwa kama yeye, kwani mwanga ukififia koni hunyamaza na kazi hushikwa na seli za rodi, ambazo hazitengi rangi. Kijani hugeuka kijivu, na kuchagua mawe hakufai tena. Maji nayo husaidia: jiwe lenye vumbi likiloweshwa hutawanya mwanga mchache usoni pake, na kijani chake hukolea.

Kiangazi ndicho kilikuwa msimu wa kuyeyusha. Mawe yaliyochaguliwa yaliwekwa na makaa kwenye tanuru la udongo, mivukuto ya ngozi ikapuliza. Shaba ikipata joto hutia ndimi za moto kijani, na hapo jicho hufanya kazi mbili kwa kasi mbili. Mfumo unaofuata mwendo na mmemetuko ni mwepesi lakini hauna habari nyingi za rangi. Jicho hufuata kupepesa kwa mwanga mkali hata mara 50 kwa sekunde. Badiliko la rangi tupu, bila mwanga kupanda wala kushuka, huanza kuchanganyika mapema zaidi, kwenye mara 20 hivi. Ndiyo maana moto huonekana ukicheza huku kijani chake kikionekana kimetulia. Ndani ya ubongo njia hizi huendelea kutengana kwa kiasi: mwaka 1983 huko Ujerumani kulielezwa mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kuona mwendo baada ya kuumia ubongo, ilhali rangi aliendelea kuziona.

Shaba hiyo ilimiminwa kuwa misalaba, ambayo imepatikana kwenye makaburi ya bonde la Upemba ya kuanzia karne ya 13 hivi. Chini ya mfalme wao Msiri, Wayeke waliongeza ufundi wa kuvuta nyaya. Msiri aliuawa Desemba 1891, na mwaka uliofuata mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alizunguka eneo hilo. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga. Ufundi wa zamani uliandikwa na mmisionari Jean-Félix de Hemptinne mwaka 1926, katika makala yake juu ya mafundi walioitwa "walaji wa shaba", wakati tayari ulikuwa ukififia.

Rangi iliendelea kutoa habari hata hivyo. Mwaka 1915 Robert Sharp alitambua urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, machimbo ambayo baadaye yalitoa madini ya njano, chungwa na kijani yasiyokuwa yamejulikana duniani. Lakini umeme ndio uliokishinda kijani. Maporomoko ya Lufira yaliyopewa jina la Cornet yalizibwa kwa bwawa la Mwadingusha mwaka 1930. Maji yaliyorudi nyuma yakawa ziwa Tshangalele, na nguvu yake ikaendesha viwanda vya Likasi, kikiwemo cha Shituru, ambako shaba huyeyushwa katika asidi kuwa maji ya buluu kisha hugandishwa kwa mkondo wa umeme.

Kobalti, inayotafutwa sana leo, haina fadhila ya malakiti. Madini yake makuu huko Katanga, heterojeniti, ni meusi, na jiwe jeusi lenye kobalti hufanana na lenye manganizi tu. Mchimbaji huchagua kwa jicho na uzito mkononi, kisha kwenye depo mnunuzi hulielekeza jiwe kwenye kifaa cha miale kiitwacho metorex, kinachosoma asilimia. Bei hufuata kifaa, na wachimbaji wengi hawakiamini.