Nzi wa Manyoya: Kutoka Makedonia hadi Mto Gura

Mnamo mwaka 200 hivi BK, Aelian, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki, alisimulia habari za wavuvi wa Makedonia kwenye mto aliouita Astraeus. Samaki wa huko, wenye madoadoa, walimpenda mdudu fulani anayeruka juu ya maji. Wavuvi hawakuweza kumfanya chambo, kwa kuwa akiguswa na mkono wa mtu hupoteza rangi na mabawa yake hunyauka. Basi walizungushia ndoana sufu nyekundu, wakafungia hapo manyoya mawili ya kooni mwa jogoo, yenye rangi ya nta, wakapata nzi wa bandia. Kwangu mimi, habari hiyo fupi imebeba kiini cha ufundi wote: mvuvi alimchunguza mdudu kwanza, ndipo akashika uzi.

Uingereza iliuweka ufundi huo vitabuni. Mwaka 1496 lilichapishwa andiko la uvuvi wa ndoana lililotaja nzi 12 wa kufunga, kila mmoja na msimu wake. Baadaye, mwaka 1886, mvuvi Frederic Halford alitoa kitabu chake kuhusu nzi wanaoelea, na wafuasi wake wakashika msimamo mkali kwamba mvuvi mstaarabu huvua juu ya maji tu. Mvuvi mwingine, G. E. M. Skues, aliwapinga. Naye alikuwa sahihi, maana sehemu kubwa ya chakula cha trauti, samaki wanayemlenga wavuvi hao, huliwa chini ya maji, mdudu akiwa bado hajaota mabawa.

Aliyenivutia kuliko wote ni Frank Sawyer, mtunzaji wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza. Nzi wake maarufu hana uzi hata kidogo. Sawyer alitumia waya mwembamba wa shaba na nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege aitwaye fezanti, basi. Waya hufunga, hutoa rangi, na kwa uzito wake humzamisha nzi mahali samaki wanapokula. Anayeanza kujifunza aanze na huyu: abane ndoana kwenye jiliwa, ajenge kifua kinene kidogo kwa waya, kisha azungushe nyuzi za unyoya kutoka mkiani kwenda mbele.

Mtoni, ageuze mawe aone wadudu waliopo, achague nzi anayewakaribia kwa ukubwa na rangi. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka. Kwa hiyo amwendee kwa nyuma, kivuli chake kisianguke majini, amtupe nzi upande wa juu wa mkondo, mbele ya samaki alipo, na kumwacha achukuliwe na maji bila kuvutwa na mshipi. Samaki wa kurudishwa mtoni ashikwe kwa mikono iliyolowa.

Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliingiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, katika mto Gura, Kenya, unaoshuka kutoka milima ya Aberdare, Nyandarua kwa Wakikuyu. Maji baridi yenye kasi yaliwafaa. Kiganjo, karibu na Nyeri, pakajengwa kituo cha kuzalisha vifaranga wao.

Walowezi waliuleta mchezo, lakini ufundi wa kufunga nzi ulishikwa na Wakenya. Karakana za Nairobi hufunga nzi kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani, na wengi wa mafundi ni wanawake. Nzi aliyebuniwa Wiltshire anaweza kuwa amefungwa na vidole vya Mkenya. Hata hivyo vitabu vya mchezo huu vimejaa majina ya wabunifu, na mafundi hawa wametajwa kwa nadra mno. Huo ni upungufu wa historia, nao bado unarekebishika. Wenye makumbusho, walimu na watafiti, nendeni mkarekodi sauti za mafundi wazee: nani aliwafundisha, walilipwaje, na ni nzi gani waliowabuni wenyewe.